Somo la Tisa: Picha ya Pwani kwa Rangi Tano

  

Leo tutaweka daftari la hesabu kando. Leo tutapaka rangi. Tutatengeneza picha moja ya pwani: mbingu, bahari, mchanga, ngalawa moja, na mtu mmoja anayeingoja. Hayo tu. Ukimaliza somo hili utaweza kuitengeneza picha hiyo wewe mwenyewe, na mtu atakayeingia nyumbani kwako ataiona tangu mlangoni.

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana vitu hivi: kipande cha ubao mwembamba au cha boksi gumu, chenye sentimita 30 kila upande, penseli, karatasi moja ya kukatakata, mkasi au wembe, burashi mbili, moja pana na moja nyembamba, na rangi tano. Rangi hizo ni nyekundu, manjano, buluu, nyeupe na nyeusi. Asiye na rangi asiondoke. Nitamwambia la kufanya baadaye kidogo.

HOFU YA ALAMA YA KWANZA

Najua wako wanaocheka sasa hivi. Mmoja asema moyoni, "Mimi mtu mzima, nina wajukuu, nikae chini nichore picha kama mtoto?" Mwingine asema, "Mkono wangu ni wa jembe. Haujui burashi."

Ndugu yangu, kumbuka siku ya kwanza uliposhika penseli katika darasa hili. Vidole viligoma. Ulibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Leo waandika jina lako bila kuuliza mtu. Mkono ni ule ule. Kilichoondoka ni hofu.

Nitakueleza habari za mtu mmoja. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Shule aliyopata ni ya miaka michache tu ya msingi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akafanya kazi hii na ile. Mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, alianza kupaka picha. Hakuwa na vifaa vya wachoraji wakubwa. Alichukua vipande vya ubao wa dari, vya mraba wa sentimita 60 hivi kila upande, na rangi za kung'aa zile zipakwazo baiskeli. Juu ya ubao uliopakwa rangi moja au mbili tu aliweka mnyama mmoja mkubwa, au ndege, au mti. Picha zake ziliuzwa huko Oysterbay, mahali paitwapo Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo. Lakini alikuwa amewafundisha jamaa zake, nao wakawafundisha wengine, na hata leo watu wanaotafuta riziki kwa kazi hiyo huitwa kwa jina lake. Picha ya namna hiyo yaitwa tingatinga.

Kwa nini picha zake hukamata jicho? Si kwa sababu zina vitu vingi. Ni kwa sababu zina kitu kimoja kikubwa, rangi chache zenye nguvu, na nafasi ya kutosha ya kitu hicho kuonekana. Hilo ndilo nitakalolirudia mara nyingi leo, mpaka mlizoee.

KWANZA, TAZAMA

Kabla ya burashi ni jicho. Ikiwa wakaa karibu na bahari, nenda ufukoni kesho asubuhi. Aliye bara kando ya Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika au Ziwa Viktoria aende huko, kwa maana jambo ni lile lile.

Simama utazame mbali. Pale ambapo maji yakutana na mbingu pana mstari. Mstari huo twauita upeo wa macho. Sasa shika penseli mbele ya jicho lako, uilaze sawasawa, ifunike mstari ule. Kisha chuchumaa, huku ukiishika penseli vile vile mbele ya jicho. Je, mstari umebaki juu? La. Umeshuka pamoja nawe. Upande juu ya mwamba, utapanda pamoja nawe. Mstari wa bahari daima uko mkabala na macho yako. Mtu aliyesimama mchangani, macho yake yakiwa mita 1.6 juu ya ardhi, huona maji mpaka umbali wa kilomita nne na nusu hivi. Mbele ya hapo dunia inajipinda, na chombo kilichoko huko huonekana tanga kabla ya kuonekana mwili.

Kutokana na hayo twapata kanuni moja yenye faida kubwa. Mtu mwenye kimo chako, akisimama mchangani usawa mmoja na wewe, macho yake yatakuwa kwenye mstari wa bahari. Awe karibu au awe mbali, ni vivyo hivyo. Akiwa mbali miguu yake itakuwa juu zaidi katika picha, lakini macho yake yatabaki pale pale mstarini. Wanaoanza kuchora hukosea sana hapo. Huwaweka watu wa mbali chini na wa karibu juu, na picha huonekana kama watu wamezama au wanaruka.

Tazama pia rangi ya maji. Maji hayana buluu moja. Karibu na ufuko, pale penye kina kifupi na mchanga chini yake, ni kijani chepesi, kama jani changa lililochanganywa na maziwa. Mbele zaidi, penye kina kirefu, ni buluu iliyoiva. Mara nyingi rangi hizo mbili hupakana kama vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja. Zitazame vizuri, kwani tutazitumia.

Na jambo la mwisho la kutazama ni jua. Nimeona picha nyingi za pwani ya Bagamoyo au Dar es Salaam ambazo jioni jua linazama baharini. Mkazi wa huko atacheka. Pwani ya bara kwetu yatazama mashariki. Jua huchomoza baharini asubuhi, na jioni hutua nyuma yetu, upande wa mashamba. Mjini Unguja ni kinyume, kwa kuwa mji uko upande wa magharibi wa kisiwa, na jioni jua hutua baharini. Kwa hiyo lazima ujue uko wapi kabla ya kupaka. Picha yetu ya leo ni ya Bagamoyo, mji ulioko yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Ni asubuhi na mapema. Mbingu ni ya manjano. Jua lenyewe hatutalichora, kwa maana mbingu yatosha kutuambia saa.

PILI, PANGA

Chukua kipande chako cha boksi. Kikunje kidogo, au kipime kwa rula, ukigawe sehemu tatu sawa kutoka chini kwenda juu. Kila sehemu ni sentimita 10. Weka alama. Kisha gawa tena sehemu tatu kutoka kushoto kwenda kulia. Weka alama.

Sasa piga mstari wa upeo wa macho kwenye alama ya chini, yaani sentimita 10 kutoka chini. Mbingu imepata sehemu mbili, na nchi na maji sehemu moja. Kwa nini tusipige mstari katikati? Kwa sababu picha iliyogawanywa nusu kwa nusu ni kama watu wawili wanaovutana kamba kwa nguvu sawa. Hapana anayekwenda. Jicho halijui litazame juu au chini. Mpe mmoja nafasi kubwa, na jicho litajua.

Chini ya mstari huo piga mistari miwili mingine. Mmoja sentimita 8 kutoka chini, na mwingine sentimita 4. Basi una mapande manne: mbingu kubwa, ukanda mwembamba wa maji ya kina, ukanda mpana kidogo wa maji mafupi, na mchanga. Si yote yanayolingana kwa upana, na haifai yote yalingane.

Sasa chukua karatasi na mkasi. Kata umbo la ngalawa lenye urefu wa sentimita 12, jembamba kama ganda la mhindi. Kata pembe tatu ya tanga, yenye urefu wa sentimita 15. Kata umbo la mtu mwenye kimo cha sentimita 9 kasoro kidogo. Usigundishe kitu. Viweke tu juu ya boksi, uvisogeze huku na huku.

Iweke ngalawa katikati kabisa. Tazama. Imetulia kama chungu mekoni. Sasa isogeze kulia, mlingoti wake usimame juu ya ile alama ya upande wa kulia, yaani sentimita 20 kutoka kushoto. Omo, yaani kichwa cha chombo, kielekee kushoto. Tazama tena. Sasa ina nafasi mbele yake ya kwenda. Chombo kilichokaribiana na ukingo wa picha huonekana kama kitagonga ukuta. Mpe msafiri njia.

Sehemu ya chini ya ngalawa ikae katika maji mafupi, sentimita 6 kutoka chini ya picha. Tanga lipande mpaka juu, likate mstari wa bahari na kuingia mbinguni. Ni jambo jema kitu kikubwa kikifunga sehemu mbili za picha pamoja.

Mtu naye mweke kushoto, katika mchanga, nyayo zake sentimita 2 kutoka chini. Kwa kanuni tuliyojifunza, macho yake yatafika wapi? Naam, kwenye mstari wa bahari. Huyu ni mwanamke aliyekuja kungoja chombo. Amevaa kanga, na ndoo yake iko chini mkononi. Anatazama ngalawa, nasi tutatazama kule atazamako yeye. Kwa mtu mmoja mdogo, bahari tupu imekuwa habari ya nyumba fulani, ya chakula cha siku hiyo, na ya mtu aliyetoka usiku ambaye bado hajafika.

Najua utataka kuongeza mnazi. Na nyumba. Na ndege watatu. Na chombo cha pili. Na jua. Subiri. Kila kitu unachoongeza chapunguza nguvu ya ngalawa. Ukishindwa kujizuia, ondoa kimoja kwanza ndipo uweke kingine.

TATU, UPEPO NI MMOJA

Nina kisa changu hapa. Miaka mingi iliyopita nilipaka picha ya ngalawa, nikajisifu. Tanga limevimba vizuri, bendera ndogo yapepea mlingotini, makuti ya mnazi yametupwa na upepo. Nikampelekea mzee mmoja mvuvi aliyezoea bahari tangu utoto. Aliitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mwisho akaniuliza, "Mwanangu, upepo wako watoka wapi?"

Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidole. "Tanga hili limevimba kwenda kushoto. Basi upepo umetoka kulia. Bendera yako yapepea kwenda kulia. Basi upepo umetoka kushoto. Na makuti haya sijui yamesukumwa na nini. Watu waliomo chomboni humu, mimi nawahurumia."

Niliona haya sana. Rangi zilikuwa nzuri. Mistari ilikuwa safi. Lakini mtu aliyeijua bahari hakuiamini picha yangu hata kidogo. Na mzee yule hakuwahi kushika burashi maishani mwake.

Nawaambieni hivi kwa sababu wengi wenu ndiyo mlio na ujuzi wa mzee yule. Mvuvi ajua tanga. Mkulima ajua jinsi mhindi unavyoinama. Mama ajua kanga inavyokaa begani pakiwa na upepo. Mchoraji aliyesoma sana huenda asijue hayo. Usidhani kwamba wewe uliyechelewa kuanza shule umekuja mikono mitupu.

Basi katika picha yetu tuamue mapema. Ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unaotawala pwani yetu katikati ya mwaka. Ukiitazama bahari Bagamoyo, mashariki iko mbele yako na kusini iko mkono wa kulia. Kwa hiyo upepo watoka kulia kwenda kushoto. Tanga livimbe kwenda kushoto. Ncha ya kanga ya yule mama ipepee kwenda kushoto. Ukipenda kuweka bendera, nayo iende kushoto. Foromali, yaani ule mti unaoshika tanga, ulale mshazari: ncha ya chini iwe upande wa omo, na ncha ya juu iwe upande wa nyuma, huko tezi. Usisahau mbao za ubavuni, moja kila upande, ambazo huizuia ngalawa isipinduke. Bila hizo umechora mtumbwi mwingine.

Shikeni neno hili: katika picha, rangi waweza kuichagua upendavyo, lakini upepo hutauchagua mara mbili.

NNE, RANGI

Mtu ataniuliza, "Ikiwa upepo lazima uwe wa kweli, mbona rangi yaweza kuwa ya kubuni?" Swali zuri. Jicho la mtu husamehe rangi. Ukipaka tanga jekundu sana, mtazamaji hatasema umedanganya. Atasema umependa wekundu. Lakini vitu vikigombana wao kwa wao ndani ya picha, mtazamaji huona kwamba mchoraji hajui anachokisema.

Sasa tuchague. Mbingu ni ya manjano. Maji ya kina ni buluu iliyoiva. Maji mafupi ni kijani chepesi. Mchanga ni mweupe uliotiwa manjano kidogo. Tanga ni jekundu. Ngalawa ni nyeusi. Mama ana kanga nyeusi yenye pindo jekundu, na mtandio mweupe kichwani.

Sikuzichagua rangi hizo ovyo. Nilijiuliza kila mara: kitu hiki kiko mbele ya nini? Tanga liko mbele ya mbingu ya manjano. Tanga jeupe juu ya manjano halionekani vizuri, kwa kuwa zote mbili ni rangi nyepesi. Jekundu laonekana. Ngalawa nyeusi ingepotea mbele ya buluu nzito, lakini mbele ya kijani chepesi yaonekana wazi. Sehemu ya chini ya kichwa cha mama iko mbele ya ule ukanda wa buluu, ndiyo maana mtandio ni mweupe. Hii ndiyo kanuni: kizito mbele ya chepesi, na chepesi mbele ya kizito.

Tena, wekundu upo mara mbili. Upo mwingi katika tanga, na kidogo katika pindo la kanga. Jicho huruka kutoka kwa mama kwenda kwenye tanga, kutoka kwenye tanga kurudi kwa mama. Rangi imewaunganisha ijapokuwa maji yamewatenga.

Kuchanganya ni rahisi. Buluu na manjano hutoa kijani. Nyekundu na manjano hutoa rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu hutoa zambarau. Nyeupe huifanya rangi iwe nyepesi, na nyeusi huifanya nzito. Lakini jihadhari na nyeusi. Tone moja likizidi, rangi yote huwa kama maji ya kufulia masufuria. Anza daima na rangi nyepesi katika kopo, kisha utie nzito kidogo kidogo. Kwa kijani chetu anza na nyeupe, tia manjano, mwisho tia buluu tone kwa tone. Changanya ya kutosha kwa mara moja, maana ikiisha katikati ya kazi, hutaipata tena ile ile.

Sasa kwa asiye na rangi. Ponda mkaa, utapata nyeusi. Ponda chaki, utapata nyeupe. Udongo mwekundu uliochekechwa ni nyekundu. Manjano ya kupikia ni manjano. Buluu ya kufulia nguo nyeupe ni buluu. Kila unga uchanganye na kiini cha yai na maji kidogo mpaka uwe kama uji mwepesi, uutumie siku hiyo hiyo. Usichanganye manjano ya jikoni na chokaa ya kupakia nyumba, kwa kuwa chokaa itaigeuza iwe nyekundu. Na picha hiyo usiitundike juani, kwani manjano ya jikoni hupauka upesi.

Anayetumia rangi ya mafuta asipake karibu na jiko wala taa ya moto, afungue madirisha, asitie burashi mdomoni, na aweke makopo mbali na watoto. Baadhi ya rangi hizo zina sumu.

TANO, PAKA

Fuateni utaratibu huu, hatua kwa hatua.

1. Futa vumbi kwenye ubao. Paka nyeupe pote. Acha ikauke.

2. Rudisha mistari yako ya penseli. Paka mbingu kwa burashi pana, kutoka upande mmoja mpaka mwingine bila kusimama. Usipapase. Rangi ya papasapapasa huonyesha woga.

3. Paka buluu, kisha kijani, kisha mchanga. Acha vikauke kabisa. Rangi ya maji hukauka kwa muda mfupi. Rangi ya mafuta iache mpaka kesho yake. Wengi huharibu kazi hapa kwa haraka. Buluu mbichi ikigusana na manjano mbichi, utapata kijani usichokitaka.

4. Weka maumbo yako ya karatasi mahali pake, uyazungushie penseli. Yaondoe. Jaza tanga kwa nyekundu, ngalawa kwa nyeusi, mama kwa nyeusi na nyeupe.

5. Vikikauka, chukua burashi nyembamba. Vuta mlingoti na foromali. Weka pindo la kanga. Weka mbao za ubavuni. Vuta mistari mitatu au minne ya mawimbi meupe katika maji mafupi, ya karibu iwe mirefu na ya mbali iwe mifupi.

6. Weka burashi chini. Hatua hii ni ngumu kuliko zote.

SITA, IJARIBU

Isimamishe picha ukutani, urudi nyuma hatua kumi. Fumba macho nusu, kama mtu anayetazama juani. Maneno madogo yote ya picha yatapotea. Je, tanga bado laonekana? Je, ngalawa bado yaonekana? Je, wamjua yule mama kuwa ni mtu? Ikiwa ndiyo, kazi ni njema. Ikiwa kitu kimepotea, rudi kwenye kanuni ya kizito na chepesi, ukitengeneze hicho tu.

Kisha mwite mtu asiyejua ulilokuwa ukifanya. Usimweleze neno. Tazama macho yake yanaenda wapi kwanza. Yakienda kwenye tanga, kisha kwa mama, umefaulu. Akikuuliza, "Huyu mama anamngoja nani?" basi umefaulu kuliko nilivyotumaini.

MANENO YA KUSOMA

Mwalimu wa darasa, yaandike ubaoni kwa silabi. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayanakili.

U-PE-O. M-LI-NGO-TI. FO-RO-MA-LI. NGA-LA-WA. BU-RA-SHI. U-PE-PO.

Kisha msome sentensi hizi:

Ngalawa ina tanga jekundu.
Upepo watoka kulia.
Mama anangoja ufukoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Kwanza: Kwa nini mstari wa bahari hatukuupiga katikati ya picha?

Pili: Mtu aliyesimama mbali mchangani, macho yake yatakuwa wapi?

Tatu: Kwa nini tanga halikuwa jeupe?

Nne: Je, mna kitu gani katika kazi zenu za kila siku mnachokijua kuliko mchoraji yeyote? Kila mmoja ataje kimoja.

KAZI YA NYUMBANI

Tengeneza picha ya pili ya mahali unapopajua wewe. Yaweza kuwa bandari ndogo, mto, kisima, au njia ya shamba. Iwe na kitu kimoja kikubwa, rangi zisizozidi tano, na upepo mmoja. Nyuma yake andika kwa mkono wako maneno matatu: jina la mahali, mwaka, na jina lako. Usiyaache hayo. Fuko zetu zinabadilika, na nyingine zaliwa na maji mwaka hata mwaka. Watoto wa watoto wako watakapoiona picha hiyo, watajua mahali hapo palikuwaje, na watajua ni nani aliyepaona.

Juma lijalo, darasani, kila mmoja aichukue picha yake aje nayo. Hata ile mbaya. Hasa ile mbaya, kwa kuwa ndiyo itakayotufundisha. Na akiwepo mvuvi miongoni mwenu, asikae kimya. Atuulize upepo wetu watoka wapi.

Kwaherini, ndugu zangu. Tuonane katika somo la kumi.